Niangalizie

Bibi yangu mzaa baba ameosha maiti za wanawake wa kijiji chetu kwa zaidi ya miaka thelathini. Kijiji kiko wilaya ya Chemba, ndani kidogo kutoka barabara kuu ya Dodoma kwenda Kondoa, na ukiuliza nyumba ya mwosha hata mtoto wa darasa la pili atakupeleka. Halipwi. Akiitwa anaacha jembe shambani, ananawa, anachukua kanga zake mbili na kwenda. Kilichonikaa kichwani tangu utotoni ni namna anavyorudi. Anaoga, anakula ugali wake wa uwele na mlenda, anasali, analala. Hatujawahi kusikia marehemu alikuwa amekonda kiasi gani, wala alikuwa na majeraha wapi. Wapo wanawake waliojaribu kumchimba, hasa pale kifo kilipokuwa na maneno maneno, lakini hawakuambulia kitu. Yeye husema macho ya mwosha yanabaki kwenye yale maji. Aliyoyaona ameyasitiri, maana siku yake ikifika atalazwa juu ya ubao ule ule na mwingine atamwona yeye. Mwosha huoshwa.

Mimi nasoma shahada ya uzamili ya mawasiliano ya umma, na utafiti wangu ni juu ya picha za vita: nani anazipiga, nani anazisambaza, nani anazitazama. Chuoni swali hili lina vitabu vyake. Susan Sontag aliandika mwaka 1977 kwamba wingi wa picha za mateso hututia ganzi. Mwaka 2003 alirudi kwenye jambo lile lile na kulitilia shaka neno lake mwenyewe. Nawaheshimu watu wanaobadili mawazo hadharani. Lakini kila nikimsoma najikuta nauliza maswali ya Bibi. Huyu aliyelala hapa ni wa nani? Na hawa waliosimama kumtazama wana kazi gani naye?

Mwishoni mwa Januari 2025 nilikuwa nyumbani, naandika pendekezo la utafiti na kusaidia palizi. Tarehe 27 waasi wa M23, ambao wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameripoti mara nyingi kwamba wanasaidiwa na Rwanda, walitangaza kuwa wameuteka mji wa Goma, mashariki mwa Kongo. Kwa watu wengi duniani hiyo ilikuwa habari ya mbali. Kwetu haikuwa hivyo. Askari wa Tanzania wamekuwa Kivu Kaskazini tangu mwaka 2013 na kikosi cha Umoja wa Mataifa, na kuanzia Desemba 2023 wengine walikwenda na jeshi la SADC pamoja na wenzao wa Afrika Kusini na Malawi. Kijana wa jirani yetu alikuwa mmoja wao. Ni mkubwa kwangu kwa miaka minne. Tulichota maji kisima kimoja.

Jioni ya tarehe 28 video zilianza kuingia. Kundi la WhatsApp la ukoo, ambalo kwa kawaida ni la michango ya harusi na dua za Ijumaa, lilijaa moshi, milio ya risasi, na watu waliolala kando ya barabara. Nyingine zilikuwa na maandishi: "Wanajeshi wetu Goma." Nyingine: "Mungu awalaze pema mashujaa." Hakuna aliyeandika amezipata wapi. Asubuhi yake mama wa yule kijana alikuja. Hakuwa na simu janja, ana kitochi, lakini alikuwa ameshasikia dukani kwamba kuna picha.

Nilimwamkia. Aliitikia, akanisemesha Kirangi kidogo juu ya mvua na palizi, kisha akahamia Kiswahili, kama tunavyofanya jambo likishakuwa la serikali.

"Wewe mwanangu unasomea mambo ya habari. Niangalizie kama yumo."

Nikamwambia, mama, hizi picha nyingi si za kweli, nyingine ni za miaka ya nyuma. Akasema sawa, basi niangalizie hizo zilizo za kweli. Akataka tukae pamoja atazame mwenyewe, kwa sababu yeye ndiye anayemjua mtoto wake. Nikamwomba anipe alama zake kwanza. Akanipa: kovu juu ya nyusi ya kushoto, alilopata akichunga, jino la mbele lililokaa upande, sikio moja limekunjika juu kidogo. Nilizijua zote tatu. Nilimwacha aseme tu. Kabla sijaanza akanishika mkono.

"Usinifiche."

Bibi alikuwa amekaa kibarazani anachambua mboga, na hakusema neno lolote. Aliinuka, akamletea jirani maji ya kunywa, akakaa karibu naye.

Niliingia ndani na simu. Video zilikuwa 17 na picha kama 40. Nilizitazama kwa namna ambayo sijawahi kutazama picha yoyote. Kawaida mtu anayetazama picha ya maiti hutazama damu, au hukimbiza macho. Mimi nilikuwa natafuta nyusi. Nilisimamisha video, nikaivuta sura ikawa kubwa, nikatafuta sikio. Wengi walikuwa wamelala kifudifudi. Wengine walikuwa raia: mwanamke mwenye kitenge cha kijani, mzee aliyekuwa bado ameshika mfuko wa plastiki, kijana wa rika langu mwenye viatu vipya. Wenye sare walikuwa wachache, na sare zenyewe hazikuwa za nchi moja.

Halafu kulikuwa na sauti. Nadhani wanaoandika juu ya picha za vita katika lugha nyingine hili haliwapati kama linavyotupata sisi: watu wa Goma wanasema Kiswahili. Si kama chetu cha Dodoma, lakini ni Kiswahili, na anayepiga video husema huku anapiga. Mtazamaji wa London anasikia kelele za Kiafrika na kusubiri mtangazaji amfafanulie. Mimi sikuhitaji mtu. Katika video moja mwanamke ambaye haonekani anauliza, mara mbili, bila kulia, huyu ni mtoto wa nani. Hakuna anayemjibu, na video inakatika.

Nilipotoka nilimwambia mama, hayumo. Akaniuliza una hakika? Nikasema katika hizi nilizonazo, hayumo. Nilimweleza pia kwamba baadhi walikuwa wamefunikwa uso, hao sikuwaona. Sikumwambia zaidi ya hapo. Hakuuliza walikuwaje. Aliuliza, "Na hao uliowaona, ni watoto wa nani?"

"Sijui, mama."

"Wana mama zao," akasema, akasoma dua, akarudi kwenye palizi.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya kuliko hiyo ya kwanza. Mapema Februari Jeshi la Wananchi lilitangaza kwamba askari wake wawili wamefariki katika mapigano yale na wengine wanne wamejeruhiwa. Wawili. Msomaji ambaye hana mtu jeshini ataisoma namba hiyo na kuona ni ndogo, hasa ukiiweka pembeni ya wafu wa Goma wenyewe, ambao siku zile zile Umoja wa Mataifa ulisema miili yao iliyokusanywa imekaribia 2,900. Mama aliihesabu kwa namna nyingine. Kila alipoona mtu mgeni anakuja na pikipiki njia ya kwetu alisimama katikati ya shamba, jembe mkononi, mpaka pikipiki ipite. Alijua jeshi lina utaratibu wake wa kuleta msiba: watu huja, hukaa, husema. Alichoogopa ni kwamba WhatsApp ingefika kabla yao. Binamu mmoja alikuwa bado anatuma video kila jioni na vikatuni vya machozi chini yake. Nilimpigia nikamwomba aache. Akaniambia anataka watu wajue.

Siku ya kumi na moja simu ya mama iliita namba ngeni. Alikuwa mzima. Aliongea chini ya dakika moja.

Tulifurahi, tulichinja hata jogoo. Mimi nilibaki na zile sura kwenye simu. Kwamba kovu halikuwepo maana yake ilikuwa tu kwamba mama mwingine, huko Goma au Bunia au Blantyre, alikuwa anatafuta alama nyingine kwenye uso ule ule, na pengine aliiona.

Nimefikiri sana juu ya maneno mawili, la Bibi na la jirani. Bibi anasitiri. Jirani alisema usinifiche. Katika mazungumzo ya kawaida tunaweza kuyachanganya, lakini hakuna mwosha anayeyachanganya. Bibi hajawahi kumficha mtu kifo. Akimaliza kuosha na kukafini, huwaita wenye mtu wao, hufunua uso, huwaambia njooni mumuage. Wanaotakiwa kujua wanajua, na wanaotakiwa kuona wanaona, kwa kiasi chao. Kusitiri ni kumfunika mtu asidhalilike. Kuficha ni kumfunika aliyemuua. Picha za vita zinazotufikia mara nyingi hazisitiri, na tukikasirika kwamba hazisitiri, wapo watu wenye mamlaka wanaosubiri hasira yetu wapate kuficha.

Mfano wa kwanza nilioufuatilia kwa ajili ya tasnifu ulikuwa wa jirani zetu. Tarehe 15 Januari 2019 magaidi wa al-Shabaab walivamia hoteli ya DusitD2, Nairobi, wakaua watu 21. Siku hiyo hiyo gazeti la New York Times likaweka kwenye tovuti picha ya shirika la AP ikionyesha watu waliouawa wakiwa wamekaa mezani kwenye mgahawa, wengine wameinamia kompyuta zao. Wakenya waliwaka. Walilitaka gazeti liitoe, wakauliza kama lingeweka hivyo miili ya Wamarekani waliouawa shuleni au kanisani kwao. Baraza la Habari la Kenya nalo liliingilia. Gazeti lilijibu kwamba linawahurumia waathirika, ila linaamini wasomaji wanapaswa kuona ukatili wa mashambulizi kama hayo, na picha halikuitoa.

Nimesoma jibu lile mara nyingi, na sioni kama ni jibu la kipuuzi. Ni kweli kwamba maneno "watu 21 wameuawa" hayamwoneshi mtu kompyuta iliyobaki wazi. Tatizo langu ni muda. Saa ile kulikuwa na ndugu waliokuwa bado wanapiga simu ambazo hazipokelewi. Mtu anayemjua mumewe kwa shati hahitaji kuona uso. Wahariri walijiuliza kama wasomaji wanaweza kuvumilia picha, swali ambalo wanalijua vizuri. Hawakujiuliza kama miongoni mwa wasomaji yupo mke. Gazeti linalochapishwa New York lilimdhania msomaji wake kuwa mtu wa mbali, na bahati mbaya intaneti haina watu wa mbali tena. Ila niseme pia: gazeti lilikuwa na mhariri wa kuandikiwa. Kundi letu la ukoo halina.

Nilipowasilisha haya kwenye semina, nilipingwa na mwanafunzi mwenzangu aliyekulia Kasulu, karibu na kambi ya Nyarugusu, ambako Wakongo wamekuwa wakikimbilia tangu mwaka 1996. Alisema, dada, nyinyi watu wa Dodoma mnaongelea kusitiri kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaambia mnasema uongo. Alikuwa na rafiki kambini ambaye baba yake alitunza kwenye mfuko wa nailoni picha moja iliyokunjika ya nyumba yao iliyochomwa. Kwenye kila mahojiano aliitoa. Alipoulizwa una ushahidi gani, aliitoa. Ilikuwa imechakaa mpaka nyumba haionekani vizuri, na bado aliitoa. "Mwambie huyo baba," akasema, "kwamba picha za uharibifu ni ukosefu wa adabu."

Sikuwa na la kumjibu siku ile, na sitajifanya nilikuwa nalo. Alichosema kilinipeleka Korem.

Korem ni mji mdogo kaskazini mwa Ethiopia. Oktoba 1984 alifika pale mpiga picha Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi aliyekulia Dar es Salaam, ambako ndiko alikoanzisha kampuni yake ya Camerapix mwaka 1963. Alikuwa na mtangazaji Michael Buerk wa BBC. Filamu yao ilirushwa tarehe 23 mwezi huo: maelfu ya watu kwenye baridi ya alfajiri, maiti zimeviringishwa katika magunia na shuka. Dunia ilisimama. Julai mwaka uliofuata likafanyika tamasha la Live Aid, na fedha nyingi zikakusanywa. Watu waliokoka kwa sababu ya picha zile, hilo halina ubishi, na yeyote anayesema zisingepigwa aende akawaambie waliokula ule unga.

Lakini zitazame tena leo, huku unajua historia. Unaona njaa. Unaona ardhi kavu. Vita huvioni. Serikali ya Mengistu ilikuwa inapigana na waasi wa Tigray na Eritrea, ikiwanyima chakula watu wa maeneo ya waasi, na ndege zake zikipiga mabomu vijiji na masoko. Mtazamaji wa Ulaya alielewa kwamba mbingu imewanyima Waethiopia mvua, akachanga. Kamera ilisimama mbele ya walioharibiwa, aliyewaharibu akabaki nje ya fremu. Na wale watu hawana majina. Wakfu wowote, bango lolote la msaada lililofuata liliweza kuchukua sura ya mtoto yule na kuiita Afrika.

Miaka 36 baadaye vita vilirudi kule kule. Vilipoanza Novemba 2020, simu na intaneti za Tigray zilikatwa, na waandishi wa habari wakazuiwa kuingia. Safari hii hakukuwa na Mohamed Amin. Mapigano yaliendelea hadi mkataba wa Pretoria wa Novemba 2022, na Olusegun Obasanjo, aliyekuwa mpatanishi wa Umoja wa Afrika, alikadiria kwamba huenda watu 600,000 walikufa. Laki sita! Nimewauliza wanafunzi wenzangu waniambie picha moja ya vita vile wanayoikumbuka. Ya Korem wanaikumbuka, na wengi wao hawakuwa wamezaliwa. Ya Tigray ya juzi hawana. Hapo ndipo nilipomwelewa mtu wa Kasulu. Giza lile halikumsitiri mtu yeyote wa Tigray.

Sikulazimika kwenda mpaka Ethiopia kulijua hili, kwa kuwa tunalo nyumbani. Babu, mume wa Bibi, alikuwa mgambo aliyechukuliwa kwenda vita vya Kagera. Aliondoka Kondoa, maana Chemba wakati huo ilikuwa Kondoa, na kabla ya hapo hakuwahi kufika mbali kuliko Singida. Hadi alipofariki alikuwa na picha moja tu ya vita, aliyopiga studio Bukoba, amesimama mbele ya pazia lililochorwa maua, mikono imekakamaa. Alipenda kutusimulia Kyaka. Alitueleza daraja lilivyokuwa limelipuliwa na askari wa Amin Novemba 1978, kanisa lililobaki kuta, ng'ombe waliosombwa, harufu. Tulipofika sekondari tuliziona hizo kuta kwenye picha, na kila inapokaribia Julai 25, Siku ya Mashujaa, tunaziona tena kwenye televisheni. Ni halali yetu kuziona. Watu wa Kagera waliuawa na kuporwa, na picha zile ni ushahidi kama ule wa kwenye mfuko wa nailoni.

Lakini Februari 1979 jeshi letu liliingia Masaka na Mbarara, na baada ya kuiteka, miji ile ilibomolewa kwa mizinga na baruti, nyumba kwa nyumba, kulipiza Kagera. Hili limeandikwa na wanahistoria, halina siri. Babu alipita Masaka. Tulipomuuliza alisema, "Masaka tulilipa," akaomba chai. Sijawahi kuona picha ya Masaka shuleni kwetu wala kwenye vipindi vya Julai. Ukimuuliza Mtanzania wa umri wangu uharibifu wa vita vya Kagera ulikuwaje, atakuonyesha Kyaka. Kwa nini tusiyaone magofu yote mawili? Jengo halina aibu ya kufunikwa. Hapa hatumsitiri marehemu yeyote, tunajifunika wenyewe. Nampenda Babu, na Mwenyezi Mungu amrehemu, lakini nadhani chai ile ilikuwa ndefu mno.

Kwa hiyo tusiniulize kama picha za vita zipigwe. Zipigwe, na wanaozipiga wanalipa. Tarehe 12 Julai 1993 helikopta za Marekani zilishambulia nyumba mjini Mogadishu wazee wakiwa mkutanoni. Waandishi walikwenda kuonyesha dunia kilichofanyika, na umati wenye hasira ukawageukia ukawaua wanne: Dan Eldon, Hansi Krauss, na Wakenya wawili wa Reuters, Hos Maina na Anthony Macharia. Walikwenda kwa ajili ya wafu wa watu wale wale waliowaua. Naona tunawataja mno wapiga picha walioshinda tuzo, na hawa wa kwetu tunawasahau.

Ninachokitafuta kwenye tasnifu yangu ni kazi ya mtazamaji. Kuna aina moja ya picha ambayo nimeisoma sana mwaka huu na ambayo hutaiona gazetini. Goma ilipotekwa, watu wa Msalaba Mwekundu walizunguka kukusanya miili, na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilionya kwamba vyumba vya maiti vimejaa, umeme hakuna, na watu wanaweza kuzikwa kabla hawajatambuliwa. Katika kazi ya namna hiyo, pale inapowezekana, kila mwili hupewa namba na hupigwa picha: uso, nguo, kovu, jino, pete. Kisha namba hiyo huandikwa kaburini. Picha haitumwi popote. Inakaa kwenye faili ikimsubiri mtu mmoja aje aseme, alikuwa na sikio lililokunjika juu kidogo.

Ni picha mbaya kuliko yoyote iliyofika kundi la ukoo. Iko karibu zaidi, haina moshi wala sauti, na hakuna atakayeweka vikatuni vya machozi chini yake. Lakini ina mwenyewe. Nilipomweleza Bibi juu ya kazi hii alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama anayepiga huwa anawafunika baadaye. Nikasema naamini hivyo. Akasema, basi huyo ni mwosha.

Msimamizi wangu ameniuliza kama nitaweka kwenye viambatisho zile video 17 na picha 40, kwa kuwa ndizo data. Nimeamua nitaziweka kwa maneno: mwanamke, kitenge cha kijani, barabara ya lami, upande wa kushoto duka lenye mlango wa bluu. Nimeandika kila kitu ambacho ndugu angekihitaji na kuacha ambavyo mpita njia angevitaka. Imenichukua wiki tatu na si kazi ya kupendeza. Binamu yangu, yule wa video za jioni, amenisaidia kutambua aina za bunduki, anazijua zote. Tumepatana.

SADC iliamua Machi 13, 2025 kuyaondoa majeshi yake Kongo, na baadaye mwaka huo kijana wa jirani alikuja likizo. Amekonda, na amekuwa mtu wa kuamka usiku kukaa nje. Alasiri ya siku ya pili alikaa kijiweni, pale kwa fundi pikipiki, vijana wakamzunguka. Walisubiri soda ziishe kwa adabu, kisha mmoja akauliza, kaka, huna video za kule? Akasema ninazo picha. Akatoa simu.

Zilikuwa za ng'ombe. Ng'ombe wa vilima vya upande wa Sake na Masisi, alizopiga kabla mambo hayajaharibika: makubwa, mekundu na meusi, yamesimama kwenye majani yanayofika tumboni, ukungu nyuma yake. Aliwaonyesha moja baada ya nyingine, akiwaeleza kwamba kule hawajui kiangazi, ng'ombe mmoja anatoa maziwa mpaka yanageuzwa jibini. Zilikuwa nyingi. Vijana wawili walianza kutazamana. Mmoja alinyoosha kidole akapitisha picha haraka haraka kwenda mbele, akitafuta, akakuta ng'ombe, ng'ombe, ziwa, ng'ombe, akarudisha simu.

Mama yake aliziangalia zote jioni ile, amekaa kwenye kigoda, simu ameishika kwa mikono miwili. Alizirudia. Aliuliza huyu dume ana miaka mingapi, na huyu mwenye alama masikioni ni wa nani, na wenyewe wako wapi sasa.

"Walikimbia," kijana akasema.

"Na ng'ombe?"

Akasema hajui.